Picha ya Mgongo

Majirani walimwita Bi Mwokaji, ingawa yeye hakuwahi kuoka hata mkate mmoja. Mwokaji alikuwa mumewe. Mzee yule alioka mikate miaka thelathini, kila siku ndani ya shati jeupe. Alipofariki aliacha mashati kumi na moja, yamekunjwa vizuri kabatini.

Kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa, Bi Mwokaji alivuta kiti mpaka dirishani akashona. Alikuwa akishona mfarishi, yaani shuka nene la viraka lenye pamba katikati. Mashati ya mzee aliyakata vipande vya mraba, akaviunga kwa mkono, akazungushia pindo jekundu jipya linalong'aa. Mfarishi ulikuwa wa binti yake. Binti alikuwa amepata kazi mbali, na safari ilikuwa Jumamosi.

"Mama, nitakuwa nalala ndani ya mashati ya baba," binti alisema siku moja.

Mama aligeuza uso, akajifanya anatafuta uzi.

Lilibaki jambo moja tu: kuufua mfarishi siku ya Ijumaa, ukauke, ufungwe.

Jumatano aliupiga picha, akaituma kwenye kundi la washonaji kwenye simu. Kundi liliitwa Viraka Vyetu. Lilikuwa na watu zaidi ya sitini wa miji mbalimbali, na wengi hawajawahi kuonana. Sifa zikamiminika. "Hongera, mama!" "Mkono wako una baraka!" Bi Mwokaji akawa anacheka peke yake.

Kisha akaandika mtu aliyejiita Dobi: "Hicho chekundu ni kipya? Piga picha ya mgongo."

Basi. Hakuna salamu, hakuna hongera.

Cheko likamkauka. "Njoo usome," alimwita binti yake. "Mtu anataka kuona mgongo wa kazi yangu. Wa nini?"

"Labda ameipenda tu, mama."

"Kupenda gani kusikojua shikamoo? Mgongoni ndiko mishono inakoonekana. Anataka kuhesabu, aige, kesho aseme ni yake. Mimi si mtoto."

Hajamaliza kusema, simu ikalia tena. Safari hii Dobi alimwandikia yeye peke yake, pembeni ya kundi: "Usiufue kwanza. Nitumie mgongo."

"Umeona?" Bi Mwokaji alisimama. "Barazani ameshindwa, sasa ananifuata uchochoroni! Na kuufua kunamhusu nini? Anataka mwanangu aondoke na shuka chafu?"

Akavua miwani, akarudi kwenye kundi, akaandika: "WEWE DOBI FUA ZA KWAKO. MISHONO YANGU HUIPATI. KIJICHO HAKIJENGI NYUMBA."

Baada ya kitambo kiongozi wa kundi aliandika maneno mawili: "Tuheshimiane, jamani."

Alhamisi asubuhi hakuna aliyesema kitu. Bi Mwokaji aliichungulia simu mara kumi. Hata wale wa "mkono wako una baraka" walikuwa kimya.

"Lao moja," alinung'unika. "Walinisifu ili nilegee."

Alipotoka na ndoo ya taka alikutana ngazini na jirani wa chini, karani wa maktaba, ambaye ndiye aliyemwingiza kwenye kundi.

"Shikamoo, Bi Mwokaji. Mbona uso umekunjwa kama shuka la mgonjwa?"

"Marahaba. Kundi lako limejaa wezi."

Karani akapanda naye juu. Akapewa simu, akasoma yote polepole mpaka mwisho.

"Bibi, mbona ulipiga kelele?"

"Kelele gani? Niliandika kimya kimya, nimekaa hapa hapa."

"Herufi kubwa tupu, kwenye simu, ni kelele."

"Naandika kubwa nione bila miwani!"

"Wewe umeona. Wenzako wamesikia unafoka." Karani akacheka kidogo. "Na yeye kaandika mkato, wewe ukasikia dharau. Kwenye simu hatuoni uso wala hatusikii sauti. Neno linafika uchi, sisi ndio tunalivisha nguo."

"Basi limevaa nguo za mwizi."

"Ulimuuliza anataka mgongo wa nini?"

"Nimuulize mwizi kwa nini anaiba?"

"Muulize. Wasiwasi si dhambi, Bibi. Mtu akikuomba namba ya siri, usimuulize hata jina, funga mlango. Lakini picha ya mgongo wa shuka? Hapo unauliza kwanza, unakasirika baadaye."

Macho ya Bi Mwokaji yalikwenda kwenye mfarishi uliokuwa juu ya kiti. Akavaa miwani. Akamwandikia Dobi, kwa herufi ndogo: "Kwa nini unataka mgongo?"

Jibu lilifika haraka, kama la mtu aliyekuwa akisubiri: "Kwenye kona ya picha naona weupe umeingia wekundu. Nadhani ulinyunyiza maji ulipopiga pasi. Geuza uone. Kisha lowesha kitambaa cheupe, sugua pindo."

"Ni kweli nilinyunyiza," Bi Mwokaji alisema kwa sauti ndogo. "Kajuaje?"

Wakaugeuza mfarishi. Mgongoni, kando ya pindo, palikuwa na doa la waridi, upana wa kucha. Mbele lilikuwa halionekani kwa urahisi. Bi Mwokaji akalowesha leso nyeupe, akasugua pindo mara tatu tu.

Leso ilitoka nyekundu kama imefunga kidonda.

Akakaa chini. "Kesho ningeutia wote kwenye beseni," alisema. "Mashati yote. Yote yangekuwa mekundu."

Binti alimshika bega. Nani angemrudisha mzee avae mengine?

"Kitambaa kipya chenye rangi kali huchuja," karani alisoma ujumbe mwingine wa Dobi. "Kifue peke yake kabla ya kushona. Sasa fumua pindo lote. Doa litie sabuni, suuza kwa maji baridi. Usitumie ya moto."

Kazi ikaanza. Binti alifumua upande mmoja, karani upande wa pili, na Bi Mwokaji akakata pindo jipya kutoka pazia kuukuu la buluu. Safari hii alilisugua kwanza kwa leso nyingine mbichi. Leso ikabaki nyeupe.

Alipopumzika alichukua simu. "Nimwombe radhi pembeni, watu wasione."

"Ulimtukana ukumbini, utamwomba radhi jikoni?" karani aliuliza, sindano mdomoni.

Bi Mwokaji akaguna. Akaandika kwenye kundi, polepole, mbele ya watu wote: "Ndugu yangu Dobi, nilikudhania vibaya kabla ya kukuuliza. Umeniokolea mashati ya marehemu mume wangu. Nisamehe. Nanyi wengine mnisamehe kwa kelele, nilivua miwani."

Kundi likafufuka. Wengine walicheka, wengine waliuliza jinsi ya kupima rangi. Dobi naye akaandika: "Yameisha, mama. Kazi yangu ni kufua nguo za watu. Naandika kwa kidole kimoja, mikono imelowa, ndiyo maana maneno yangu mafupi. Ila salamu nilisahau kweli. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwokaji alijibu, kwa kuandika na kwa mdomo pia.

Ijumaa mfarishi ulifuliwa. Maji yalitoka na povu na vumbi, hayakutoka na rangi. Mashati ya mzee yalining'inia kwenye kamba juani, meupe kama alfajiri alipokuwa akienda kazini. Mgongoni, palipokuwa na doa, palibaki kivuli hafifu.

"Kiache," binti alisema. "Nitajua kilipo hata taa ikizimwa."

Bi Mwokaji akatoa simu. Kabla ya kupiga picha ya mbele alipiga ya mgongo, akaituma kwenye kundi.

Dobi alijibu: "Vizuri. Utoe juani."

Hakuna salamu, hakuna hongera. Bi Mwokaji alicheka mpaka binti akachungulia dirishani. Kwanza akauhamishia mfarishi kivulini. Kisha akavaa miwani, akaandika kwa herufi ndogo: "Kwa nini, mwanangu?"