Noela Alivyoshuka Basini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya vipindi, uwanja wa netiboli wa shule moja ya sekondari ya wasichana nje kidogo ya Runzewe huwa tayari umechangamka. Wasichana hunyunyiza maji kutuliza vumbi, hufagia, kisha hugawanyika pande mbili na kuanza mazoezi. Mfungaji wao alikuwa Noela, mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye miaka kumi na minne. Asubuhi hiyo kila mpira alioutupa ulizama kwenye pete. Wenzake walishangilia mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko yao kutazama. Timu ilikuwa inajiandaa kwenda Geita kwenye mashindano!

Walipokuwa wakinawa miguu, matroni wao, Mwalimu Juliana, alikuwa bwenini akikagua masanduku. Alimwita Noela. Mkononi alishika kipande cha karatasi kilichofunguliwa, na ndani yake mlikuwa na misokoto ya bangi.

"Noela, hii imefikaje kwenye sanduku lako?"

Noela aliinamisha kichwa. Alijua. Paskazia, msichana wa kidato cha nne ambaye kila mtu alitamani kuwa rafiki yake, ndiye aliyempa amtunzie. Noela alikuwa amekifungua kile kifurushi, akanusa, akaelewa. Lakini aliona raha kuaminiwa na dada mkubwa kama yule, akakifukia chini ya nguo.

Mkuu wa shule aliita polisi. Kituoni, askari mmoja kijana alianza kumfokea, "Sema, nani anakuuzia?"

"Hebu subiri," akamkatiza Afande Rebeka wa dawati la watoto. "Huyu ni mtoto. Hahojiwi mpaka mzazi wake afike."

Mama yake alifika akihema, khanga imemteleza begani, mihogo yake ameiacha sokoni. Alisaini dhamana kwamba atamfikisha binti yake mahakamani siku ikipangwa. Walipokuwa wanatoka, Afande Rebeka aliwaambia, "Mtafuteni Hosiana, msaidizi wa kisheria. Ofisi yake iko nyuma ya soko. Hatozi kitu."

Nyumbani walimkuta Mjomba Bartholomeo, mchimbaji wa dhahabu, ameshapata habari. Yeye hakutaka kusikia mambo ya ofisi.

"Dada, mtoto akiingia mahakamani amekwisha! Nampeleka Buseresere kwa shangazi yake. Mambo yakipoa atarudi."

Mama alilia, akashindwa kuamua. Mjomba akampakia Noela kwenye pikipiki, wakatimua vumbi hadi stendi. Basi lilikuwa linaunguruma. Walipata viti vya nyuma, mlango ukafungwa, gari likaanza kusogea.

"Mjomba," Noela aliuliza, "siku ya mahakama wakinikosa, nani atajibu?"

Mjomba aligeukia dirishani. "Mama yako ndiye aliyesaini. Atajua la kusema."

Noela alimwona mama yake akilini, amesimama peke yake mbele ya hakimu kwa kosa asilolifanya. Akasimama, akapaza sauti kuliko alivyowahi kupaza uwanjani.

"Konda, shusha! Nashuka!"

"Kaa chini wewe!" Mjomba alimshika mkono, Noela akachomoka.

"Shusha mtoto!" abiria wakapokea. Konda alipiga bodi la gari, dereva akakanyaga breki, na Noela akaruka chini. Alikimbia! Alipita mafundi baiskeli, akapita wauza dagaa, hakusimama mpaka mlangoni kwa Hosiana.

"Shikamoo. Nisaidie. Nimekamatwa na bangi, na sitaki kukimbia."

"Marahaba. Kaa, upumue kwanza," alisema Hosiana, mama mnene mwenye sauti ya upole. Akamtuma mtu amwite mama yake. Mama alipofika na kusimulia habari ya dhamana, Hosiana aliwaeleza bila haraka.

"Kukimbia kungemletea mama yako matatizo, na wewe kosa lingebaki palepale. Sasa sikiliza. Kama shtaka si kweli, una haki ya kulikana, na wanaokushtaki ndio watakaotakiwa kulithibitisha. Kama ni kweli, unaweza kukiri, nasi tutamwomba hakimu akupe masharti ya kukurekebisha. Kesi ya mtoto husikilizwa faragha. Mama yako atakuwepo, na afisa ustawi wa jamii pia. Nitawatafutia wakili wa msaada, mumsikilize na yeye kabla hujaamua. Sasa niambie, ukweli ni upi?"

Noela alimtazama mama yake. "Nilijua ni bangi. Nikaificha."

"Ng'wana wane!" Mama alishika kichwa, akimlilia mwanawe kwa Kisukuma. Kisha akamvuta binti yake akamkumbatia.

Siku ya kesi ilipofika, Noela alisema vilevile mbele ya hakimu. Wakili aliomba, afisa ustawi akasoma taarifa yake. Hakimu alimwachia kwa masharti: asirudie kosa, na ahudhurie ushauri nasaha chini ya afisa ustawi. Mama alipiga kigelegele palepale, karani akamwonyesha ishara anyamaze huku mwenyewe akitabasamu.

Bodi ya shule ilimrudisha Noela shuleni kwa onyo kali. Safari ya Geita ilimpita. Timu ilikwenda na mfungaji mwingine. Paskazia naye, aliyetajwa na Noela kuwa mwenye kifurushi, baada ya kukana na kulia sana, alisema ukweli mbele ya wazazi wake, akaanza kusaidiwa aache bangi. Hata Mjomba Bartholomeo alikuja kumwomba dada yake radhi.

Siku ile ya hukumu, nje ya mahakama, Hosiana alimshika Noela bega.

"Mwanangu, usipokee mzigo wa mtu kwa kuogopa kuachwa na marafiki. Kataa, hata akichukia. Lakini ukishakosea, usikimbie wala usisingizie mwingine. Mwite mzazi wako, tafuta anayejua sheria, useme kweli. Sheria imekuwekea mlango wa kurudi. Wewe umepita, wafundishe na wenzako mlango huo ulipo."

"Nitawafundisha," alijibu Noela. Akamshika mama yake mkono, wakaelekea sokoni kufungua genge.