Tenga Lililomwagwa Mtandaoni

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Sabra huwa ameshafagia uwanja na kuwapa mbuzi majani. Kisha huingia jikoni kumwamkia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete matenga."

Ilikuwa Desemba. Shule zilikuwa zimefungwa na plamsi zilikuwa zimeiva mpaka matawi yameinama. Nyumba yao iko kilimani, juu ya mji wa Lushoto, na ukisimama uani unayaona mabati ya sokoni yakimeta kule chini. Baba yake Sabra alikuwa kazini Muheza kwenye mashamba ya machungwa, kwa hiyo shamba la plamsi lilikuwa la mama na binti.

Mama Sabra, ambaye jina lake ni Mwanahamisi, ana mikono myepesi. Alitandika majani ya mgomba ndani ya tenga la mianzi, akamimina plamsi ndogo chini na za wastani katikati. Juu kabisa alipanga kubwa zilizoiva, moja moja, mashavu yake mekundu yakitazama juu. Kwao wanaiita kazi hiyo kupamba tenga, na hakuna anayeihesabu kuwa wizi. Sokoni kila mnunuzi anajua kwamba za chini hazifanani na za juu. Hufika, husalimia, huuliza habari za nyumbani, kisha huzamisha mkono mpaka chini au huomba tenga limwagwe juu ya gunia. Mama Sabra hakuwahi kununa. "Mwaga uone, ndugu yangu," alikuwa akisema, na yeye mwenyewe hushika upande wa pili wa tenga kumsaidia mnunuzi. Baada ya hapo ndipo bei huanza kuzungumzwa.

Lakini tangu masika yaliyopita alikuwa hajashuka sokoni. Siku moja ya mvua aliteleza njiani na tenga kichwani, akaumia nyonga. Daktari alimwambia wazi kwamba asibebe tena mzigo kichwani, la sivyo atakuja kutembelea mkongojo. Ngata yake, ile ya kanga kuukuu iliyosokotwa mviringo, ikatundikwa kwenye msumari jikoni. Pikipiki ya kwenda sokoni kila siku ingekula faida yote, na walanguzi waliopita nyumbani walitaja bei za kuchekesha. Sabra alikuwa akiitazama ile ngata na kuomba moyoni isishuke tena.

Ndipo alipokuja Nassoro, binamu yake, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni Tanga. Alikuja kuwasalimia tu, lakini hakuweza kukaa bila kazi.

"Shangazi," alisema akiwa na kikombe cha chai mkononi, "tukutengenezee tovuti. Mnunuzi wa mbali ataziona plamsi zako kwenye simu yake, ataagiza, na usafiri atalipa yeye. Pikipiki itachukua mzigo hapa mlangoni mpaka kwenye basi. Wewe utakaa uani na kuchambua."

Mama Sabra alicheka. "Mimi na tovuti wapi na wapi?"

"Wewe utakuwa na plamsi. Sabra atakuwa na tovuti."

Sabra aliruka karibu amwage chai. Papo hapo alipendekeza jina: Kampuni ya Kimataifa ya Matunda Bora ya Usambara.

"Kimataifa?" Nassoro alimtazama. "Matenga yenu yamewahi kuvuka hata Mombo?"

"Bado."

"Basi tuyaache kwanza mataifa yapumzike. Sokoni watu wanaziitaje plamsi hizi?"

"Wanasema plamsi za Mwanahamisi."

"Jina mnalo tayari. Mteja akilisikia mara moja alikumbuke, na akimtajia mwenzake asihangaike kulitamka."

Walifanya kazi siku nzima. Nassoro alichagua rangi moja tu, ile nyekundu iliyoiva ya plamsi, na kuitumia kwenye nembo na kwenye vichwa vya habari. Namba ya simu aliiweka juu kabisa, kwa maana mtu akiitafuta sana huchoka na kuondoka. Chini yake aliandika mahali walipo na siku ambazo mzigo husafirishwa. Sabra alitaka maua yanayochezacheza pembeni, Nassoro akakataa. Alisema ukurasa mzito hugoma kufunguka mtandao unaposuasua, na mtu hatamaliza bando lake kwa kusubiri maua. Mwisho aliweka sehemu ya wateja kuandika maoni, akamfundisha Sabra kupandisha picha na kufuta kisichotakiwa.

"Picha nakuachia wewe," alisema kesho yake akiondoka. "Piga asubuhi, jua likiwa laini. Mimi nitasambaza kiungo kwa watu wangu wa Tanga."

Sabra aliianza kazi hiyo kwa moyo wote. Alichagua plamsi kubwa kuliko zote na kuzipangusa kwa tone la mafuta ya kupikia mpaka zikang'aa, kisha akazipanga juu ya tenga jinsi alivyomwona mama yake akifanya miaka yote. Alipiga picha, akaipandisha, na chini yake akaandika: "Hivi ndivyo zilivyo plamsi zetu."

Mama yake aliitazama ile picha kwenye simu na kutabasamu. "Umelipamba vizuri, mwanangu."

Haikupita wiki, simu ikaita. Mama mmoja wa Tanga aitwaye Raheli, anayetengeneza jemu na kupeleka madukani, alitaka matenga mawili. Safari hii alikuwa ameagizwa plamsi nzima za kuwekwa ndani ya chupa kwa ajili ya karamu ya harusi, na ile picha ilimvutia. Wengine wawili wakapiga kuulizia, wakasema wataagiza wiki ijayo. Mama Sabra alipamba matenga yale kwa furaha, pikipiki ikaja mlangoni, na mzigo ukapanda basi.

Siku iliyofuata simu iliita tena. Sabra aliipokea akitarajia shukrani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ile tovuti?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, nimefungua matenga yenu. Za juu ni nzuri kweli. Chini nimekuta ndogo, nyingine bado chachu, nyingine zina makovu. Zile nilizoziona pichani ziko wapi? Karamu ni Jumamosi na chupa zangu hazijai."

Bi Raheli hakupaza sauti wala hakutukana, na hilo lilimuumiza Sabra zaidi. "Sigombani na mtu," alimalizia. "Ila nitaandika nilichokiona, ili mwingine ajue." Akaandika kweli, pale pale chini ya picha: "Za juu nzuri sana. Za chini ndogo na chachu. Picha haikuniambia hivyo."

Wale wawili waliosema wataagiza hawakupiga tena. Mama Sabra alisomewa yale maoni, kisha akaenda jikoni akaishusha ngata kutoka kwenye msumari. Aliikung'uta vumbi na kuiweka karibu na mlango.

"Mama, daktari alisema—"

"Namkumbuka daktari, mwanangu. Lakini plamsi hazisubiri. Jumatatu nitashuka nazo polepole."

Sabra alitoka na simu mpaka chini ya miti ya plamsi. Alijua la kufanya. Kidole kimoja tu, na maneno ya Bi Raheli yangefutika kama hayakuwahi kuandikwa, wateja wangerudi na ngata ingerudi kwenye msumari. Alikisogeza kidole mpaka kwenye neno "futa".

Hapo akamkumbuka mama yake sokoni, ameshika upande wa pili wa tenga. "Mwaga uone, ndugu yangu." Hakuna mnunuzi aliyewahi kukatazwa kumwaga. Lakini Bi Raheli angemwaga nini? Alikuwa Tanga na tenga lilikuwa Lushoto. Alichokuwa nacho ni picha, na picha haina chini. Sabra alikiondoa kidole na kurudi uani.

"Mama, nataka tulimwage tenga, nilipige picha lote."

Mama yake aliacha kuchambua. "Lote? Mpaka zile zenye makovu ya mvua ya mawe?"

"Mpaka hizo."

"Watu waone chini ya tenga letu?" Alionekana kama ameambiwa awafungulie wageni chumba ambacho hakijafagiwa. Macho yalimwenda kwenye matunda. "Mimi ndiye niliyekufundisha kupamba," alisema mwishowe. "Nikakusifia na picha. Haya, lete gunia."

Walimwaga tenga na kugawa mafungu matatu: kubwa, za wastani na ndogo. Sabra hakutumia mafuta. Alipiga picha ya kila fungu, akaweka na plamsi moja kwenye kiganja cha mama yake ili mtu apime ukubwa kwa macho. Aliandika kila fungu lilivyo: hizi tamu, hizi za wastani, hizi chachu na nyingine zina makovu ya ganda lakini ndani ni nzima. Kila fungu likawekewa bei yake. Ile picha ya kwanza akaiondoa, ila maneno ya Bi Raheli aliyaacha mahali pake, na chini yake akajibu: "Ni kweli, mama. Picha ile niliipamba mimi, Sabra. Tunakuomba radhi. Sasa tumemwaga tenga, tazama mpaka chini."

Mama yake naye hakuishia kwenye maneno. Alichagua tenga zima la plamsi kubwa, juu mpaka chini, akalituma Tanga kwa gharama yake likawahi karamu.

Jumapili alasiri walisikia hodi. Mlangoni alisimama mama mnene aliyevaa kitenge, akihema kwa kile kilima, na begi mkononi.

"Karibu," alisema Mama Sabra. "Sijui nakukaribisha nani."

"Ni Raheli wa Tanga."

Sabra alitamani kujificha zizini na mbuzi, lakini adabu ilimsukuma mbele akaamkia. Bi Raheli alimshika kichwani.

"Kwa hiyo wewe ndiye Sabra. Karamu ilikwenda vizuri, chupa zilijaa. Nimekuja kwa sababu ya picha yako ya tatu." Alitoa simu na kuonyesha lile fungu la plamsi ndogo. "Hizi chachu mnazozificha chini ya tenga, mnajua mimi nazitafuta mpaka wapi? Jemu ya plamsi tamu tupu haigandi vizuri. Hizi ndizo zinazoikamata. Na makovu ya ganda jemu haiyajui. Mngeniambia mnazo toka mwanzo, ningenunua na hizo pia."

Mama Sabra na Sabra walitazamana. Miaka yote zile plamsi zilikuwa zikifichwa chini, na kumbe kuna mtu alikuwa akizitafuta.

"Nitachukua kila wiki mpaka msimu uishe," Bi Raheli aliendelea. "Pikipiki na basi juu yangu."

"Hongea," alisema Mama Sabra kwa Kishambaa, maana shukrani ile ilimtoka kabla hajaitafutia Kiswahili. "Hongea sana, ndugu yangu. Na kwa yale uliyoandika pia. Ungekaa kimya ukahama tu, tusingejua tumekosea wapi."

"Ungeyafuta, Sabra, nisingerudi," alisema Bi Raheli. "Niliporudi kuangalia na kukuta bado yapo, nikasema hapa kuna watu."

Sabra aliinamisha uso. "Nilikaribia kuyafuta, mama. Kidole kilishafika."

"Nashukuru kilirudi."

Mama Sabra alimvuta binti yake karibu. "Sikiliza, mwanangu, na mimi najisikiliza. Jina zuri, rangi nzuri na namba ya simu vinamleta mteja mpaka mlangoni, na kwa hayo tunamshukuru Nassoro. Lakini sokoni mnunuzi ana mikono yake, anazamisha na kujionea. Kwenye tovuti hana mikono, mikono yake ni wewe. Kila unapopiga picha, mzamishie mpaka chini."

"Nimesikia, mama. Ahsante."

"Basi mletee mgeni chai."

Sabra alienda jikoni akarudi na birika linalotoa mvuke. Mezani hapakuwa na kitu cha kuweka chini yake, na meza ilikuwa mpya, ingeungua. Mama yake alitazama huku na huku, kisha akaionyesha ile ngata karibu na mlango.

"Chukua hiyo," alisema. "Weka birika juu yake. Mimi siihitaji tena."

Sabra aliichukua, akaitandaza mezani na kutua birika juu yake. Kisha akammiminia Bi Raheli chai.