Wa Kiti cha Nyuma

Mifuko ya mchanga ilikuwa imelowa. Fundi wa ndege Hinnerk Pagels aliishika mara mbili kuhakikisha, maana mvua haikuwa imenyesha pwani ya Pomerania, kaskazini mwa Ujerumani, kwa siku kumi na moja, na banda la ndege lilikuwa kavu hivi kwamba mafundi walikatazwa hata kusimama mlangoni na kiko. Akanusa vidole. Vilinuka tope la ghuba na samaki mikunga.

Akajiambia labda kuna mpuuzi amemwaga ndoo. Akaibadilisha mifuko, akafunga mkanda juu yake, akaenda kunywa kahawa.

Ndege yenyewe ilikuwa Heinkel ya mabawa mawili, namba saba, ya kwenda kuchungulia na kudondosha mabomu madogo. Mbele hukaa rubani, nyuma hukaa mwenzake wa kupiga picha. Wote wako wazi, upepo usoni, na injini inanguruma kiasi kwamba hata ukipiga kelele hakuna anayekusikia. Kwa hiyo wa nyuma husema kwa mkono: pigo moja kwenye bega la rubani ni kushoto, mawili ni kulia, matatu ni turudi nyumbani.

Wa nyuma wa namba saba alikuwa Lothar Brehmer. Mwezi wa nne alifungua mkanda ili ainame apige picha vizuri, upepo ukairusha ndege, naye akatoka kama punje kwenye ungo. Ghuba ikammeza na haikumrudisha. Rubani wake, Detlef, mdogo wake Hinnerk, hakujua lolote mpaka alipogeuka na kukuta kiti kitupu. Tangu siku hiyo walikuwa wakiweka mchanga pale nyuma, kuipa ndege uzito wake.

Jumamosi hiyo Detlef alitua vibaya, akashuka uso mweupe kama chokaa, akamvuta kaka yake nyuma ya matangi ya mafuta.

"Kaka, ananigonga."

"Nani?"

"Usiniulize nani, unamjua. Pigo moja. Halafu moja tena. Leo nimejikuta katikati ya ghuba, niko chini, naona mpaka nyasi za majini, na sikumbuki kugeuza usukani."

"Ulikunywa?"

"Afadhali ningekuwa nimekunywa."

Hinnerk akamtazama bega. Koti la ngozi lilikuwa na alama ya maji, vidole vinne na gumba. Akamsihi aende kwa kapteni, aseme anaumwa. Detlef akacheka kicheko cha mtu aliyekata tamaa. Jumatatu kulikuwa na mazoezi makubwa, na aliyeogopa mazoezi ya mwaka jana bado alikuwa anamenya viazi jikoni. Na angesema ukweli angefungiwa hospitali ya vichaa, mkewe Walburga akiwa na mimba ya miezi saba.

"Basi tumwite Bibi Jahnke," Hinnerk akasema.

Bibi Jahnke alikuwa mwanamke wa kunenea, yaani kuponya kwa maneno. Alinenea ugonjwa wa mkanda wa jeshi, alinenea sugu, alinenea ng'ombe waliokataa kukamuliwa, kwa mnong'ono tu na lugha ya kale ya pwani. Mchungaji alimsema vibaya kanisani, kisha akampelekea goti lake bovu alinenee.

Alikuja Jumapili mchana kwa baiskeli, askari wote wakiwa ndani wanakula supu ya njegere. Mlinzi wa lango aliwahi kuondolewa sugu tatu na huyo bibi, kwa hiyo aligeuka akatazama misonobari mpaka akapita. Bibi akapanda ngazi, akachungulia kiti cha nyuma, akashuka haraka.

"Kumbe hajui kwamba amekufa," akasema kwa sauti ya chini. "Anataka tu kupelekwa nyumbani. Sasa nyumbani kwake ni kule majini."

Akapanda tena, akaanza kunong'ona. Mara ya kwanza hakukutokea kitu. Mara ya pili turubai la ubavuni likagongwa kutoka ndani, taratibu, pigo moja, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mara ya tatu mapigo yakaanza kukimbia ndani ya mwili wa ndege, kutoka kitini hadi mkiani na kutoka mkiani hadi kitini, na harufu ya tope ikajaa banda zima hadi Hinnerk akahisi anaimeza, na mabawa yakatetemeka ingawa mlangoni hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha jani, na maji yakaanza kuchuruzika chini ya mkia, meusi, yenye magamba, yakitambaa sakafuni kuelekea viatu vyake naye hawezi hata kuinua mguu, mpaka bibi akafunga uzi mwekundu kwenye kishikizo cha mkanda na kila kitu kikanyamaza.

Harufu ikaondoka. Sakafu ikawa kavu. Hinnerk akabana midomo, akainamisha kichwa, basi. Anayenenewa hashukuru, wala ndugu zake hawashukuru. Neno asante likimfikia mnenaji, alichofunga kinafunguka. Pwani ile kila mtoto anajua hivyo, ndiyo maana Bibi Jahnke hakuona haja ya kukumbusha. Akapanda baiskeli yake, akaenda.

Jumatatu saa nne asubuhi Hinnerk aliukagua uzi, uko. Mifuko, mikavu. Akampiga Detlef mgongoni na kumwambia avunjike shingo na mguu, maana ndivyo marubani wanavyotakiana heri. Detlef akacheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Namba saba ikapaa vizuri, ikapotelea nyuma ya misonobari.

Walburga alikuwa kwenye uzio, tumbo mbele, kikapu mkononi. Alikuwa mtu wa Bavaria, kusini kabisa, ameolewa huku mwaka mmoja tu, na usingizi ulikuwa umempata jana baada ya mumewe kumweleza yote.

"Shemeji, leo roho yangu imetulia," akasema. "Nimepita kwa yule bibi sasa hivi. Nimempelekea keki ya plamu."

Hinnerk akashika waya wa uzio.

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia asante. Ajabu, alinitazama vibaya, akafunga mlango. Watu wa huku mna ukali." Akamtazama Hinnerk usoni. "Nilikosea?"

Hinnerk akageuka akatazama angani. Mama yake Walburga alikuwa amemfundisha kushukuru hata kwa glasi ya maji, na wao, yeye na Detlef, hakuna aliyefikiria kumwambia mgeni jambo ambalo kila mtu analijua.

Mngurumo ukarudi. Namba saba ikatokea juu ya miti, chini chini, ikielekea kiwanjani. Walburga akakinga macho jua, kisha uso wake ukachangamka, akatoa leso na kuanza kupunga.

"Afadhali," akasema. "Kumbe wamempa mwenzake. Nilikuwa namwonea huruma kukaa peke yake."

Vichwa vilikuwa viwili. Wa nyuma aliinama mbele, akanyoosha mkono, akagonga mara moja.

Ndege ikakata kushoto, kuelekea ghubani, na Walburga aliendelea kupunga.