Nilimruhusu Binti Yangu Afunge, Dawa Yake Ikageuka Sumu

Nina miaka hamsini na miwili. Ni fundi wa cherehani, na kibanda changu kiko sokoni Kanyangi, upande wa Kitui. Wakati mwingine mimi huvuka upande wa Makueni, kwenda mji wa Wote au hata Emali, kwa washonaji ambao mashine zao zimekwama. Shule niliacha nikiwa darasa la saba. Yote niliyokuja kujua baadaye niliyatafuta mwenyewe vitabuni, na kwa miaka mingi nilijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote.

Leo sijivunii tena. Nimechoka, wasomaji wenzangu... Nawaandikia ili mjue kiburi hicho kilimfanyia nini mtoto wangu.

Nitamwita Ndanu, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, katika shule ya bweni Makueni, siku mwalimu aliponipigia simu na kuniambia nije haraka. Ndanu hakuwa amelala kwa siku nne. Alikuwa amejaza madaftari matatu kwa mpango wa bwawa litakalomaliza njaa Ukambani kote. Nguo zake alikuwa amewagawia wenzake. Na asubuhi hiyo alikuwa ameingia ofisini na kumwambia mwalimu mkuu afungashe vitu vyake, kwa sababu mkuu mpya amefika!

Nilipotokea langoni alinikimbilia akicheka.

“Baba! Umekuja na lori? Mizigo yangu ni mingi!”

Sanduku lake lilikuwa tupu. Hata sabuni haikuwamo.

Wiki sita baadaye, mtoto huyo huyo alikuwa amelala akitazama ukuta. Hakuoga. Hakula. Mama yake alimsuka nywele akiwa amelala, kama mtu anayemsuka mtoto mchanga. Siku moja alituuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama tungemsamehe akifa. Ni mzazi gani anayejua jibu la swali kama hilo?

Mwaka mzima ulipita hivyo, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka. Majirani walisema ni bangi. Mashangazi walisema kuna mzee wa ukoo aliyekufa na kinyongo. Mimi niliwasikiliza nikiwadharau kimoyomoyo. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa kusoma, na ugonjwa huu nitautafutia jina lake.

Jina tulilipata katika kliniki moja, kutoka kwa daktari wa kike, kijana lakini mtulivu. Alituambia kwamba huu ni ugonjwa kama ulivyo kisukari. Unaitwa baipola. Hisia za mgonjwa hupanda kupita kiasi, kisha hushuka kupita kiasi, na si kosa lake wala la wazazi. Mke wangu alilia kwa kusikia hayo maneno ya mwisho. Ndanu alipewa vidonge vya lithiamu, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tuliambiwa anywe maji mengi, asinyimwe chumvi, aje kupimwa damu, na kukiwa na mabadiliko yoyote tupige simu. Namba iliandikwa kwenye kadi.

Nilinunua daftari nikayaandika yote. Nilianza pia kuandika saa alizolala, chakula alichokula, na saa aliyomeza dawa. Kidonge nilimpa mimi, kwa mkono wangu, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Sikuwahi kuchelewa hata kwa dakika tano.

Na mtoto alirudi! Polepole, kama mtu anayetoka safari ndefu, lakini alirudi. Tulimpeleka shule ya kutwa karibu na nyumbani. Akajiunga na kwaya ya vijana kanisani. Jumamosi alikuja kibandani kunisaidia, na vidole vyake vilitunga uzi kwenye sindano kabla sijavaa miwani. Alinitania pia.

“Baba, leo nimecheka mara mbili tu. Andika vizuri, usije ukasema nimepanda.”

“Ya pili ilikuwa ndefu,” nilimjibu.

“Basi ikate katikati.”

Miezi minane tuliishi hivyo. Miezi minane ya usingizi! Ningejua ni michache kiasi hicho, ningeitazama zaidi.

Mwezi wa Februari, jua lilipokuwa kali kuliko kawaida, kanisa letu lilitangaza mfungo wa siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Ulikuwa mfungo mkavu, yaani bila chakula na bila maji. Mke wangu alitaka tufunge nyumba nzima kumshukuru Mungu kwa ajili ya Ndanu. Naomba msifikiri kwamba pasta alituzuia dawa. La! Alituambia mbele ya watu kwamba mtoto asiache dawa, maana aliyemuumba daktari ni Mungu huyo huyo. Nilimheshimu kwa neno hilo.

Ndanu mwenyewe ndiye aliyetaka kufunga kuliko sisi sote.

“Vijana wote wa kwaya wanafunga,” aliniambia. “Ama mimi ni mgonjwa wa kila kitu, Baba?”

Mke wangu alisita. Jumatano mchana alichukua kadi ya kliniki na simu, akaniuliza, “Baba Ndanu, si tuwapigie tu tuulize?”

Wasomaji, hapo ndipo nilipompoteza mtoto wangu. Nilifungua daftari langu, nikapitia ukurasa mmoja mmoja mbele yake. Nikamwambia, “Nimesoma, Mama Ndanu. Hakuna mahali pamekatazwa kufunga. Tukiwasumbua kwa kila jambo dogo watatuona wajinga.”

Na yale maneno, “maji mengi”? Yalikuwemo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini ni mgonjwa gani asiyeambiwa anywe maji mengi? Mwenye mafua huambiwa. Mwenye malaria huambiwa. Niliyachukua kama salamu za daktari. Nikapanga kwamba Ndanu atameza kidonge kwa funda moja la maji, asubuhi na jioni, na Mungu ataelewa.

Alhamisi ilipita vizuri. Kanisa letu ni la mabati, na ndani yake mlikuwa na joto kama la tanuri, lakini Ndanu aliimba mpaka mwisho.

Ijumaa mikono yake ilianza kutetemeka. Kitabu cha nyimbo kilimtoka. Niliandika: “Mikono inatetemeka. Njaa.” Mchana aliposimama aliyumba, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akapaza sauti, “Roho anamshukia! Mwacheni!” Nilitabasamu kwa ujinga wa yule mama. Yeye alisema ni Roho, mimi nikasema ni njaa. Ni nani kati yetu aliyekuwa mjinga zaidi? Yeye hakuwa na namba ya daktari mfukoni.

Jumamosi asubuhi nilimpa kidonge saa mbili kamili. Baada ya robo saa alikitapika. Mke wangu alisema, “Amechoka huyu, mpe maji.” Ndanu mwenyewe akakataa, akisema imebaki siku hii moja tu. Na mimi? Mimi niliona kwamba dozi imepotea. Nikatoa kidonge kingine nikampa, nikaandika daftarini...

Ninaposoma mstari huo hadi leo, mwandiko wangu umenyooka kabisa.

Kufikia saa sita alikuwa akitembea ametanua miguu kama mtoto anayejifunza. Ulimi ulikuwa mzito. Alijaribu kuniambia kitu, sikumwelewa, akarudia, sikumwelewa tena, akaanza kulia bila machozi. Halafu akaanguka uani, mwili mzima ukitetemeka, macho yamegeuka. Mke wangu alipiga kelele ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine yeyote. Jirani mmoja alitoa gari lake, tukampakia nyuma tukakimbia.

Hospitalini walimwita yule daktari wa kliniki kwa simu, naye akaja mwenyewe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Aliniuliza swali moja tu. Mtoto amekunywa maji kiasi gani kwa siku hizi tatu?

Nilijua jibu. Mimi ni mtu wa kuandika. Nilifungua daftari nikajumlisha funda kwa funda, nikamwambia, “Hayafiki kikombe kimoja.”

Daktari alifumba macho. Kisha akanieleza kwamba dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, pamoja na maji. Mwili ukikauka, dawa haitoki. Inabaki ndani na kuongezeka, na kila kidonge kipya kinaongeza sumu juu ya sumu. Kule kutetemeka na kutapika ndiko kulikokuwa kengele. Ndiyo mabadiliko aliyotuambia tupige simu tukiyaona. Nami nilikuwa nimeyaona yote. Nimeyaandika yote!

Mjomba wake Ndanu, kaka wa mke wangu, alikuwa amesimama ukutani. Aliniangalia kutoka juu hadi chini.

“Haya, profesa wa darasa la saba. Kitabu kimesemaje?”

Hakuna aliyemkanya.

Ndanu alihamishiwa hospitali kubwa, damu yake ikasafishwa kwa mashine. Siku tisa hakutufahamu. Siku ya kumi alimtazama mama yake na kumwita. Tulidhani Mungu ametupa kila kitu...

Figo zilipona. Lakini daktari alisema sehemu ya ubongo inayoongoza mikono, miguu na ulimi ilikuwa imeumia. Ni mwaka wa pili sasa. Ndanu hutembea akishika ukuta. Maneno yake hutoka moja moja, yakiburuta. Hawezi kuimba, na sindano haitungi tena. Wenzake wamemaliza shule. Na ile baipola haikuondoka, ndugu zangu. Bado ipo. Anatumia dawa ya aina nyingine sasa, na bado kuna wiki anapotazama ukuta.

Mke wangu hajawahi kunilaumu. Huamka, humkanda miguu binti yake, huenda shambani, hurudi. Tunaongea kuhusu ndengu na mbuzi. Ile Jumatano hatuitaji.

Ndanu ndiye aliyesema. Tulipotoka hospitali nilimpelekea kidonge saa mbili asubuhi, kama kawaida yangu. Aliutazama mkono wangu kwa muda.

“Baba... sijakukasirikia. Lakini dawa... nitapewa na Mama.”

Tangu siku hiyo, saa mbili ikifika, mimi hutoka nje.

Wewe mzazi mwenye mtoto anayetumia dawa ya kila siku, nakusihi. Kusoma ni kuzuri, lakini usisome ukafika mahali pa kuona aibu kuuliza. Kabla ya mfungo, kabla ya kazi ndefu juani, mtoto akiharisha, akitapika, akitetemeka, piga simu. Wakikuona mjinga, wacha wakuone. Na dozi iliyotapikwa usiirudishe kwa akili yako. Mimi sikumdhuru mtoto wangu kwa uzembe. Nilimdhuru kwa uangalifu, na uangalifu wa namna hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayekuzuia.

Kabla ya kutuma haya nilimsomea Ndanu. Nilitaka kujua kama ananiruhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitikia kwa kichwa, akaanza kuongea. Sikumkatiza, wala sikumsaidia kutafuta maneno.

“Waambie... wasije... wakaacha dawa... kwa sababu yangu. Mimi... ile miezi minane... nilikuwa mzima.”

Alichukua muda mrefu kuyasema hayo. Nilingoja mpaka akamaliza.