Si Milka

Milka Nyaboke alijua kazi yake. Alijua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumwumiza, na supu yake ya kuku ilikuwa laini, haihitaji meno. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimtunza bibi mmoja huko Al Wakrah, nchini Qatar. Jina lake Tan Engracia. Bibi huyu alitoka Guam, kisiwa cha mbali katika Bahari ya Pasifiki. Kwao, "Tan" ni neno la kumheshimu mama mzee. Binti yake, Bella, alikuwa mwalimu katika jiji jirani la Doha, naye ndiye aliyemleta mama yake huko.

Uzee ulikuwa umemnyang'anya bibi kumbukumbu. Kiingereza kilimtoka chote. Ikabaki lugha aliyozaliwa nayo tu, Kichamoro. Milka hakujua hata neno moja la Kichamoro. Hata hivyo walielewana kwa macho na mikono, na Milka alimpenda kama nyanya yake wa Kisii.

Asubuhi moja ya Ijumaa Bella hakwenda kazini. Alitaka yeye mwenyewe kumlisha mama yake. Milka alikuwa chumba cha pili akikunja nguo. Akasikia kijiko kikianguka, kisha sauti ya bibi kwa hasira: "Mångge si Milka? Si Milka!"

Milka akakaa kitandani. Si Milka? Maneno hayo yalimchoma. Akampigia simu rafiki yake Carolyne, askari wa hoteli kule Lusail.

"Huyu nyanya hanitaki," alisema. "Hunisikia nikiongea Kiswahili na mamangu kwa simu. Ameshika neno 'si', sasa ananikataa nalo. Wiki nzima ni 'si Milka, si Milka'."

"Aki pole! Si uhame tu?" Carolyne akamjibu. "Ambia wakala akutafutie nyumba ingine."

Milka akapangusa machozi, akaenda jikoni. Bella alikuwa amesimama na bakuli lililojaa.

"Dada Bella, naomba kuondoka. Mama yako hanitaki."

Bella akashtuka. "Hakutaki? Amekataa kula kwa sababu hauko! Ukienda, nani atamlisha?"

"Lakini anasema 'si Milka'. Kwetu, hiyo ni kusema siyo Milka."

Bella akamwangalia, akaanza kucheka, kisha macho yake yakajaa machozi.

"Kwetu 'si' haikatai," alisema. "Tukimtaja mtu kwa jina, tunatanguliza 'si'. Si Bella. Si Milka. 'Mångge' ni yuko wapi. Mama alikuwa anauliza: Milka yuko wapi?"

Milka akaona aibu. Na hata Kiswahili chenyewe! Carolyne aliposema "si uhame", alikuwa anakataa nini? Watu husema kuuliza si ujinga, na yeye wiki nzima hakuuliza.

"Nifundishe," alisema. "Nataka kumwuliza kama anataka maji."

"Anza na 'kao'. Hilo ni swali."

"Kama 'je' yetu."

"Sawa. Kisha 'malago'', kutaka. Mwenye kutaka anakuja nyuma: 'yo'' ni mimi, 'hao' ni wewe. Mwisho 'hånom', maji. Ukitaka kukataa, tanguliza 'ti'."

"Nyinyi mnaanza na kutaka, mtu anafuata," Milka akasema polepole. "Sisi tunaanza na mtu: ni-nataka, u-nataka. Na mamangu mnasemaje?"

"Nanå-hu. Mamako ni nanå-mu."

"Ah! Hapo tuko pamoja. Yangu na yako zinashika mkia wa neno: mama-ngu, mama-ko."

Milka akachukua kikombe, akaenda kwa bibi. Midomo ya mzee ilikuwa imekauka. Milka akasema: "Kao malago' yo' hånom?"

Bibi akamtazama kwa mshangao. Kisha akakisukuma kikombe kwa Milka. "Gimen!" Kunywa!

Bella alicheka mpaka akashika ukuta. "Umemwuliza: je, mimi nataka maji?"

Milka akanywa kidogo, maana ameambiwa. Akajaribu tena: "Kao malago' hao hånom?"

"Hunggan," bibi akasema. Ndiyo. "Malago' yo' hånom."

Akanywa yote, kisha akala supu.

Tangu siku hiyo Milka alijifunza sentensi mpya kila asubuhi. Alikosea, akauliza, akasahihishwa. Bibi naye hakuwa tena na haja ya kurusha kijiko.

Jioni moja Bella aliingia akitoka kazini. Akamwonyesha mama yake Milka, aliyeketi kando ya bibi. "Håyi este?" Huyu ni nani?

Bibi akamshika Milka mkono. "Si Milka," akasema.

Carolyne alipopiga simu kuuliza kama amepata nyumba ingine, Milka alicheka.

"Sihami. Huku, mimi ndiye si Milka."