Aliyelamba Hina ya Ghizlani

Ghizlani aliamka usingizi wa mchana akakuta ncha moja ya nyota iliyozunguka kitovu chake haipo. Haikufifia wala kubanduka. Ngozi pale ilikuwa tupu, imelowa, inanuka mtaro.

Alichorwa hina hiyo juzi, mimba ilipotimiza miezi saba, kama wanavyofanyiwa wajawazito wa mji wa Meknes, Moroko, ili mtoto afike salama. Watoto wake wawili wa mwanzo walizaliwa wafu. Huyu ameapa hampi mtu.

Kesho yake na majani ya pembeni yakatoweka, na mtoto aliyekuwa akicheza tumboni akatulia. Kutulia gani huko! Ghizlani alijigeuza, akajibonyeza, akanywa chai tamu, wapi.

Akaitwa Mama Yamna, mchoraji. Alilinusa tumbo, kisha akamgeukia mama mkwe, Lalla Zhor, akanong'ona:

"Hina iliyobaki mliizika?"

"Niliimwaga," Lalla Zhor akajibu, " kwenye shimo la maji machafu, pale uani. Na maji ya moto juu yake."

"Bismillahi ulisema?"

Lalla Zhor akatikisa kichwa.

"Ya Latifu! Umewaunguza majini, na hina umewaonjesha. Sasa wanajua karamu iko wapi."

"Tuwape kuku mweusi, binti yangu," Lalla Zhor akalia chinichini. "Tuwabembeleze."

"Sibembelezi mtu!" Ghizlani alipaza sauti makusudi, shimo lisikie. "Wawili nimeshazika, kuku wa nini tena? Mama Yamna, koroga hina nyingine. Tia chumvi."

"Hina haitiwi chumvi, mwanangu! Majini hawaiwezi chumvi. Ni kuwatukana."

"Ndicho ninachotaka. Tia konzi nzima."

Akachorwa upya kwa hina hiyo ya chumvi. Baada ya adhuhuri, nyumba ilipolala, kifuniko cha shimo kikasogea, kikafuata kitu kinachochuruzika juu ya vigae, taratibu, na ile harufu ya mtaro ikajaa chumbani, na shuka ikavutwa bila mkono kuonekana, mpaka ulimi wa baridi, mpana, wenye mikwaruzo, ukatua chini ya kitovu ukaanza kupanda, na Ghizlani, meno yakigongana, badala ya kujifunika akalivuta gauni juu zaidi, akasema:

"Lamba. Shiba."

Kilio kilichotoka hakikuwa cha paka wala cha mtu. Kilikimbilia uani, kikatumbukia shimoni, kikapotelea chini ya mtaa. Kisha mtoto akapiga teke, na jingine. Ghizlani akacheka huku analia.

Alama ilibaki, mchirizi mweupe kutoka chini ya kitovu hadi mbavuni. Lalla Zhor alimsihi aifiche. Ijumaa Ghizlani akaenda hamamu, bafu la wote, akavua nguo zote mbele ya wanawake wa mtaa.

"Ee, dada, umeungua?" mmoja akauliza.

"Ulimi wa jini huo," akajibu kwa sauti kubwa, akisimama juu kabisa ya tundu la maji machafu. "Alimtaka mwanangu. Na bado sijajifungua. Akitaka, aje tena."

Maji yaliyokuwa yakibubujika tunduni yakanyamaza.