Bembea Nzito

Kwii... kwaa. Kwii... kwaa.

Saa saba usiku, upepo hakuna, nguo nilizoanika kwenye roshani zimetulia kama zimepigiliwa misumari. Sauti hiyo naijua. Ni bembea ya nyuma ya tanuri, na aliyeianzisha ni mimi.

Ngoja nieleze vizuri.

Watu wa Bishkek wakitaka kuchezesha watoto huenda bustani kubwa zenye farasi wa umeme. Kiwanja chetu hawakijui, kimejificha kati ya gereji na tanuri la makaa linalopasha joto majengo yetu matatu. Kina shimo la mchanga, roketi ya chuma iliyobambuka rangi, na bembea moja. Mwanangu alikipenda mno. Alikuwa na miaka minne. Februari nimonia ikamchukua, usiku mmoja tu, nimempaka mafuta ya mkia wa kondoo kifuani kama mama alivyonifundisha, asubuhi kifua kimenyamaza.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Wanaume walimbeba, nikabaki dirishani. Mume wangu Kubat akarudi kazini Moscow, na mimi pa kumlilia sina, basi kila jioni nikawa nampeleka binti yangu Saikal, wa miaka miwili, akachezee mchanga, halafu naisukuma ile bembea tupu. Polepole. Kama yumo.

"Nurzat, unabembeza hewa?" alinitania Jyldyz wa ghorofa ya pili. "Ya hapa ina masizi, shoga, itakuchafua."

Bibi Sonun, jirani yangu wa mlango kwa mlango, hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Binti, wewe umelea. Susu ya mtoto ikiwa tupu, unaitikisa?"

"Hapana, Bibi." Hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Ukitikisa susu tupu umetandika kitanda, na hujui nani atakuja kulala.

"Sasa hicho unachofanya ni nini?"

"Hii ni bembea tu."

"Haya. Nayo iambie kwamba ni bembea tu."

Sikuacha. Ningeachaje?

Alhamisi iliyopita nilitumwa na njaa ya Saikal kununua maziwa, giza ndiyo linaingia. Wakati wa kurudi nikapita kiwanjani, mara moja tu, nikajiambia. Nikaweka chupa chini, nikamwacha Saikal mchangani, nikasukuma.

Haikwenda.

Nikasukuma kwa nguvu... ikaenda, ikarudi kwenye viganja vyangu. Nzito. Uzito wa mtoto wa miaka minne, na mikono yangu haikuhitaji kuambiwa ni wa nani. Halafu harufu. Mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyopashwa moto.

Saikal akaja akasimama mbele ya bembea, akanyoosha mikono juu.

"Na mimi," akasema.

Pale pasipo na mtu, kikakohoa kitu. Kikohozi kidogo, kikavu.

Na Saikal akakohoa vilevile.

Nilimnyakua, paji la uso linaunguza, maziwa sijui niliyaacha wapi, nikapanda ghorofa nne mbio nagonga kwa Bibi Sonun kwa miguu. Alimpokea mtoto, akamfukizia majani ya mreteni, akanong'ona bila kuniangalia.

"Umetenga nafasi, imepata mtu. Shuka ukaifunge bembea. Ukisikia lolote usiitike, na usiguse. Ukimteremsha atakufuata nyumbani, na kati yake na huyu mtoto, mmoja atapisha."

"Ni yeye, Bibi?"

"Sijui. Pengine ni yeye. Pengine ni kitu kimeona kiti kiko wazi."

"Na kama ni yeye?"

Akamkumbatia Saikal.

Nikashuka. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaufunga nacho mnyororo wa bembea kwenye nguzo, mafundo matatu. Nikageuka niondoke.

"Mama."

Sauti yake. Ile ya pua iliyoziba.

"Mama, niteremshe. Miguu haifiki."

Kila jioni alisema hivyo. Kila jioni nilimteremsha.

Nilitembea. Sikukimbia, maana ningekimbia ningeanguka, na ningeanguka ningerudi. Mlangoni pa jengo nilimsikia mara ya pili, taratibu, hakuwa na hasira, kama anayedhani sijamsikia tu.

Homa ya Saikal ilishuka kabla ya alfajiri. Kitambaa bado kimefungwa, kila asubuhi naangalia, mafundo ni yaleyale. Na usiku bembea inakwenda.

Kubat anarudi Desemba. Akipiga simu anauliza mbona sauti imekauka, nasema mafua. Namjua mume wangu. Nikimwambia neno moja atashuka ngazi pekupeku kwenye theluji, hatauliza kama ni yeye au siye, atafungua na atamteremsha. Na Saikal ndiyo kwanza anajifunza kusema jina lake mwenyewe.

Nimekwambia wewe kwa sababu hunijui, wala jengo letu hulijui. Mwingine simwambii.